Je, Kugawana Shamba la Baba ni Dhambi?

Kila mwisho wa mwaka ndugu zetu waliotawanyika hurudi Kitandililo. Wengine hushuka Makambako kwa basi, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Wengine huja kwa treni ya TAZARA. Tunakwenda ibada ya Krismasi pamoja, tunakula pamoja, na kabla kila mmoja hajarudi alikotoka tunafanya kikao cha familia. Katika kikao kimoja cha namna hiyo, kaka yetu wa kati alisimama akasema, "Ndugu zangu, naomba nipewe sehemu yangu, yenye hati ya jina langu peke yake."

Kimya kilitanda. Kaka yetu mkubwa akainamisha kichwa, kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Kugawana shamba la baba ni dhambi. Baba alituacha wamoja."

Tunaandika haya sisi watoto watano wa baba mmoja, wavulana watatu na wasichana wawili, kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Katika sharika nyingi za Njombe na Makambako swali hili linapita nyumba kwa nyumba. Linagawanya watu wanaoketi benchi moja siku ya Bwana. Mwinjilisti wa mtaa wetu alituomba tuandike tulichojifunza, si kwa kuwa tumeshinda, bali kwa kuwa tumejikwaa mahali ambapo wengine nao wanaweza kujikwaa.

Shamba lenyewe ni ekari 14. Juu kuna miti ya paini aliyoipanda baba, katikati mahindi na viazi, na chini bondeni kuna vinyungu vinavyolimwa wakati wa kiangazi. Baba alipofariki hatukuligawa. Baadaye, wakati wa kupima ardhi kijijini, tulipewa hati moja ya hakimiliki ya kimila. Ndani yake yaliandikwa majina matatu, ya kaka zetu wote watatu. Tulifurahi siku ile. Tuliona kwamba shamba limepona.

Basi kaka yetu wa kati alikuwa na sababu. Alitaka kupanda parachichi. Mparachichi haukupi kitu mwaka wa kwanza. Unautunza kwa miaka kadhaa kabla hujaona faida. Alihitaji mkopo, na mkopo ulidai dhamana. Hati yenye majina matatu ilihitaji sahihi tatu, na mmoja wa watatu hao hakutaka kusikia habari ya benki. Je, mtu wa namna hii ana tamaa, au anataka tu kufanya kazi?

Tulifungua Luka sura ya 12. Pale mtu mmoja katika umati anamwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi. Yesu anakataa kufanywa mwamuzi kati yao, kisha anaonya juu ya choyo. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameutumia mstari huo kwa miaka mingi kumnyamazisha yeyote anayetaja kugawana. Lakini tuliposoma polepole tuliona jambo ambalo hatukuliona mwanzo. Onyo lile halikutolewa kwa mwombaji peke yake. Yesu aliwaambia wote waliokuwapo. Anayedai urithi anaweza kuwa na choyo, na anayeukalia urithi bila kuugawa anaweza kuwa nacho pia. Na tajiri wa mfano unaofuata hakudai mali ya mtu. Yeye alikuwa anayo tayari. Kosa lake ni kwamba aliongea na nafsi yake tu juu ya ghala zake, kana kwamba duniani hakuna mwingine.

Hapo ndipo swali lilipotugeukia. Tukaanza kuulizana: hili neno "letu sote" limekuwa likimsaidia nani?

Tuseme kweli mbele za Mungu. Miaka michache baada ya baba kufariki, sehemu ya paini ilivunwa na mbao zikauzwa. Fedha zilikwenda kwenye ada za watoto wa kaka mkubwa. Hatukuuliza, kwa sababu shamba lilikuwa la wote na yeye ndiye mkubwa. Ukiulizia ungeonekana unavunja umoja. Na kule bondeni, dada yetu mdogo alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Alilima vinyungu vile miaka 9. Mboga tulizokula kwenye vikao vyetu zilitoka mikononi mwake. Jina lake halikuwa kwenye hati. Siku ya kupima alikuwa shambani, na hakuna hata mmoja wetu aliyetuma mtoto akamwite.

Hivyo umoja wetu ulikuwa na kaburi ndani yake. Kwa nje ulipakwa chokaa. Mwenye nguvu alitumia mali ya wote, na asiye na nguvu alitumia mali ya wote kwa hisani tu. Siku hisani ikiisha, angeondoka na jembe lake.

Katika Hesabu sura ya 27 wako wasichana watano, binti za Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaomba wapewe milki kati ya ndugu za baba yao. Walitaka fungu linalojulikana ni lao, lisilotegemea huruma ya mjomba wala ya baba mdogo. Musa hakujibu kwa desturi. Alipeleka neno lao kwa Bwana. Na Bwana akasema wale wasichana wananena haki. Tunalisoma andiko hilo kanisani, tunalipenda, halafu tunakwenda nyumbani na kuandika majina ya wavulana.

Hata sheria ya nchi yetu imelitazama jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inasema desturi yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Haina nguvu. Wakati ule sisi tulidhani tunafuata mila ya Kibena na kumheshimu baba. Kumbe tulikuwa tunafuata kilichotufaa.

Basi je, tuseme kugawana ni jema na kushirikiana ni baya? Hapana. Kaka yetu mkubwa hakuwa mtu mbaya, na hofu yake haikuwa ya bure. Yeye aliyaona makaburi ya wazee juu ya kilima. Aliiona chemchemi ambayo nyumba zote zinachota. Alijua kwamba hati ya mtu mmoja ni rahisi kuuzwa kuliko hati ya watu watatu. Tumewaona majirani waliouza shamba la miti kwa haraka, fedha zikaisha kabla ya mwaka, na sasa wanakwenda kufanya kibarua kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yao. Mtu akiwa peke yake na shida yake, mnunuzi humkuta amechoka.

Yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya yanatufundisha pande zote mbili. Mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilianza mpango uliopewa jina la Swynnerton, ofisa wa kilimo, wa kuunganisha vipande vya mashamba na kuyasajili kwa majina ya watu binafsi. Wengi wa walioandikwa walikuwa wanaume wakuu wa familia. Wanawake na wadogo waliokuwa wakilima kwa haki ya kimila walijikuta wako juu ya ardhi ya mtu mwingine kisheria, ingawa jembe lilikuwa mkononi mwao. Baadaye, mwaka 1968, ikatungwa sheria ya kuwapa wafugaji wa Kimaasai hati za pamoja za ranchi za vikundi. Hati hizo nazo zilikuwa na shida yake, maana wachache waliosimamia waliweza kujinufaisha. Kwa hiyo wengi wakadai mgawanyo, na ranchi nyingi za Kajiado zikagawanywa kuwa hati za mtu mmoja mmoja. Wengine walinufaika. Wengine waliuza, na mifugo ikakutana na uzio mahali palipokuwa na njia. Hati ya pamoja haikuwalinda wanyonge, na hati ya mmoja mmoja nayo haikuwalinda. Ulinzi ulitegemea jambo jingine, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulisema hapa.

Kaka yetu wa kati aliposema "hati ya jina langu peke yake," alitaka kile ambacho watu hukiita umiliki kamili. Lakini katika Tanzania ardhi ya namna hiyo haipo. Wajerumani walipotawala, amri ya mwaka 1895 ilitangaza ardhi wanayoiona haina mwenyewe kuwa mali ya dola yao, na walowezi wakapewa mashamba ya milki huru. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1923, wakaitangaza ardhi kuwa ya umma, ila milki huru za zamani zikabaki. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika insha aliyoiita "Mali ya Taifa". Humo alitoa hoja kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba anayeifyeka anamiliki jasho lake, si udongo wenyewe. Aliogopa kwamba ardhi ikiwa bidhaa, wachache wenye fedha watainunua yote na wengine watakuwa wapangaji kwao wenyewe. Baada ya uhuru, mwaka 1963, milki huru zilifutwa zikageuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kutumia ardhi. Mpaka leo ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hata hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo yaweza kudumu bila kikomo cha miaka na ina hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali, ni haki ya kukaa na kutumia. Ni haki kubwa na ya kuheshimiwa. Lakini si umungu.

Na Neno lilitangulia kusema hayo. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25 Bwana anawaambia Israeli kwamba nchi isiuzwe moja kwa moja, kwa kuwa ni yake, na wao ni wageni wanaokaa kwake. Tuangalie vizuri hapa. Mungu hakuwaambia Israeli walime shamba moja bila mipaka. Aliwagawia kwa kura, kabila kwa kabila na jamaa kwa jamaa. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 alikataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Nabothi, katika 1 Wafalme sura ya 21, alikuwa na shamba lake la mizabibu ambalo kila mtu alijua ni lake, na kwa sababu lilijulikana ni lake aliweza kumwambia mfalme hapana. Lakini alikataa kwa jina la nani? Hakusema ni langu nitafanya nipendavyo. Alisema ni urithi wa baba zake. Alishika fungu lake mwenyewe, lakini alilishika kwa ajili ya wengine.

Fungu hilo pia lilikuwa na masharti. Walawi sura ya 19 inamkataza mkulima kuvuna mpaka pembeni mwa shamba; masazo ni ya maskini na mgeni. Kila shamba lilikuwa na mwenyewe, na kila shamba lilikuwa na ukingo usio wake.

Haya ndiyo tuliyoyapata. Kugawana si dhambi, na kukaa pamoja si utakatifu. Dhambi inaingia pale mtu anapotaka kushika ardhi bila kuulizwa na yeyote. Aliye kwenye hati ya pamoja anaweza kuwa hivyo, akijificha nyuma ya neno "letu." Aliye na hati ya peke yake anaweza kuwa hivyo, akijificha nyuma ya neno "langu." Swali la Mkristo kabla ya kuweka jiwe la mpaka ni hili: mstari huu ukipita hapa, ni nani atakayekuwa nje, na je, yeye ameitwa kusema?

Tulirudi kwenye kikao Pasaka iliyofuata, na mara hii tuliwaita dada zetu wote wawili wakae mbele. Tuliamua kwamba kabla ya kugawa chochote jina la dada yetu mdogo liingie. Vinyungu alivyovilima viwe fungu lake. Tulidhani atafurahi. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mkinipa karatasi yangu, mtaendelea kuja kunisalimia?"

Hakuna aliyejibu haraka. Wote tulielewa alichokiogopa. Kwa miaka yote ile, kutokuwa na hati kulimlazimisha kuwa karibu nasi, na sisi kumwona kila tulipopita. Aliogopa kwamba haki yake itakuwa kwaheri yetu. Kaka mkubwa ndiye aliyeinuka kwanza. Akaenda kukaa karibu naye akasema, "Nilikuja kwako kula mboga na sikukulipa. Sasa nitabisha hodi, kwa kuwa ni kwako." Na palepale akataja habari ya mbao, bila kuulizwa. Tulikubaliana kwamba fungu lake la mlimani lipunguzwe kulingana na miti iliyovunwa. Hesabu yenyewe haijaisha. Kuna mmoja wetu anayeona imepunguzwa kidogo mno, na bado tunaliombea jambo hilo.

Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Makambako, alisema yeye hahitaji pa kulima, ila anataka jina lake liwe kwenye sehemu yenye makaburi. Hivyo sehemu ile, na chemchemi, na njia ya kuendea huko, tulikubaliana visigawanywe. Sheria inaruhusu familia nayo kuomba hati, kwa hiyo vitabaki kwa jina la familia, na majina ya watoto wote watano yataandikwa. Mengine yatakuwa ya kila mtu na hati yake. Pia tuliandika ahadi, na mwinjilisti akawa shahidi, kwamba atakayetaka kuuza atawaambia kwanza ndugu zake, na atakayefiwa au kuugua hataachwa auze peke yake.

Kisha tulikwenda kwa halmashauri ya kijiji, kama sheria inavyotaka. Majirani waliitwa kuonyesha mipaka, tukatembea kutoka mlimani mpaka bondeni na wapimaji. Dada yetu mdogo alitangulia kwenye fungu lake akionyesha kila mfereji alioutoboa. Alipoambiwa alete picha ndogo ya kubandika kwenye hati, alicheka. Alisema hajapiga picha tangu arusi yake. Hati bado tunazisubiri.

Kuna wanaotuuliza kama mkristo anapaswa kuhangaika na karatasi za dunia hii. Tunawajibu kwa Yeremia sura ya 32. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na Wababeli, kila kitu kilikuwa kinaanguka, na Mungu akamwambia nabii anunue shamba la Anathothi. Yeremia alipima fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaamuru iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu. Hakuwa na matumaini ya kulilima kesho yake. Aliandika kwa ajili ya watu watakaokuja baadaye. Hati njema ni ya namna hiyo. Inamtazama mtoto ambaye hajazaliwa, na inamwambia kwamba wazazi wake walimkumbuka.

Ndugu msomaji, labda na nyumbani kwenu iko hati yenye majina machache na watu wengi. Kabla hamjaamua kuigawa au kutoigawa, kaeni chini na ulizeni: nani analima bila jina? Nani anavuna bila kuulizwa? Nani hakuitwa siku ya kupima? Mkiwa na majibu ya maswali hayo, mtajua kama umoja wenu unapaswa kulindwa au kutubiwa.

Na Bwana mwenye nchi yote atufundishe kushika mafungu yetu kama wageni wake, tukiacha ukingo kwa ajili ya asiye na shamba, na tukibisha hodi kwa ndugu zetu hata baada ya mawe ya mipaka kusimama. Amina.